Kona ya Dada: Mnagombania Mafaili Ambayo Hakuna Aliyeyaandika

Wadogo zangu. Barua yenu nimeisoma yote, pamoja na zile za pembeni ambazo kila mmoja ameniandikia kwa siri akimlalamikia mwenzake. Sitasema nani kaandika nini. Nitawajibu wote hapa hapa, kwa sababu najua wapo vijana wengine Tarime, Mwanza na kwingineko wenye ugomvi huu huu na hawajapata wa kumwuliza.

Kwa msomaji asiyewajua: hawa ni vijana watatu, kaka wa Bunda, kaka wa Musoma mjini na binti wa Butiama, wanaotengeneza programu ya kuandikia kilo za pamba kwenye vyama vya ushirika vya wakulima (AMCOS). Karani anapima mzigo, anaingiza kilo kwenye simu, mkulima anapata risiti yake, na katibu anaiona hesabu ya siku nzima kwenye kompyuta ya ofisi. Upande wa simu wametumia Flutter, upande wa seva wametumia Laravel, na vyote viwili wameviweka kwenye repo moja ya Git, folda `simu` na folda `seva`. Mkulima wa pamba amelalamikia mizani na vitabu vya makarani miaka nenda miaka rudi, na hawa wadogo zangu wameamua kufanya jambo. Naliheshimu sana hilo, na ndiyo maana sitaki mradi ufe kwa sababu ndogo.

Sasa ugomvi wenyewe. Wa Bunda anasema kila akivuta kazi ya wa Musoma, programu inagoma kujengeka. Wa Musoma anasema kwake inafanya kazi, kwa hiyo wenye tatizo wajirekebishe. Binti wa Butiama hana neno na mtu, ila bando linamwishia: mwenzake kabadilisha mistari michache ya risiti, yeye anavuta mamia ya MB. Na kundi lenu la WhatsApp limekuwa kimya kama nyumba yenye msiba.

Mmenitumia picha ya skrini ya komiti ya mwisho. Nimeikuza nikaisoma mstari kwa mstari. Mafaili yaliyobadilika ni maelfu, na yaliyoandikwa kwa mkono wa mtu hayafiki kumi. Hayo mengine yote yametengenezwa na mashine. Yaliingia kwenye repo siku ya kwanza, pale mtu alipopiga `git add .` bila kutazama kinachoingia, na tangu siku hiyo laptopu moja inafuta kazi ya laptopu nyingine huku ninyi mkidhani ni mtu anamfuta mtu. Hakuna kati yenu mwenye roho mbaya. Naomba hilo mlikubali kwanza, kisha tuendelee.

Kwenye mradi wa programu kuna mafaili mnayoyaandika ninyi wenyewe: skrini ya karani, hesabu ya bei kwa kilo, umbo la risiti. Halafu kuna mafaili ambayo zana huyazalisha kutokana na hayo ya kwanza, kila mnapojenga programu au kuweka maktaba. Kwetu Mara ghalani huwekwa mtama na udaga. Ugali husongwa jioni ukaliwa jioni hiyo hiyo. Repo ni ghala. Ninyi mmejaza ghala ugali.

Tazameni mlichoweka. Kuna `simu/build`, ambayo ndani yake mna APK na vipande vyote vilivyotumika kuitengeneza. Ukijenga upya, karibu kila kitu humo kinabadilika. Kuna `simu/.dart_tool`, na humo mna faili liitwalo `package_config.json`. Lifungueni mlione kwa macho yenu. Limejaa anwani za mahali maktaba zilipo kwenye diski ya mtu mmoja. Kuna `simu/android/local.properties`, lenye mistari michache tu, na mmojawapo unasema SDK ya Android iko wapi. Kwenye laptopu ya Musoma, ambayo ni ya Windows, anwani ya mstari huo inaanza na `C:`. Kwenye laptopu ya Bunda, ambayo ni ya Ubuntu, inapaswa kuanza na `/home`. Kaka wa Musoma akipushi, laptopu ya Bunda inaambiwa ikatafute SDK kwenye diski C ambayo haipo. Inagoma. Kaka wa Bunda anarekebisha, anapushi, na sasa zamu ya kugoma ni ya Musoma. Huo ndio "uharibifu" mliokuwa mkiandikiana kwenye WhatsApp usiku. Android Studio ikiliandika faili hilo yenyewe, huweka onyo juu kabisa kwamba lisiingizwe kwenye mfumo wa kutunza matoleo. Onyo lipo, ila nani husoma faili ambalo hakuliandika?

Upande wa seva kuna `vendor`, ambayo Composer huijaza, na `node_modules`, ambayo npm huijaza. Zote mbili hupatikana upya kwa amri moja moja.

Na bando la binti wa Butiama? Git hutunza kila toleo la kila faili mliloliweka, tangu mwanzo. Kwa faili la maandishi hilo si tatizo, maana Git hubana tofauti za matoleo yake vizuri mno. APK ni kitu kilichokwisha kubanwa tayari, kwa hiyo toleo la leo na la jana huhifadhiwa karibu kama vitu viwili visivyohusiana. Mkiikomiti kila jioni, repo inavimba kila jioni. Na hata mkiifuta kesho, haitoki: inabaki kwenye historia, na kila atakayekloni ataibeba. Mkiendelea hivi mtafika mahali GitHub yenyewe itawakatalia, kwani huonya faili likizidi MB 50 na hulikataa kabisa likizidi MB 100.

Mdogo wangu wa Musoma, nina neno na wewe, na nalisema kwa upendo. Ile kauli ya "kwangu inafanya kazi" usiitumie kufunga mjadala. Ikiwa kwako inafanya kazi na kwa wenzako haifanyi, maana yake kwenye laptopu yako kuna kitu ambacho hakimo kwenye repo, na kazi yako ni kukitafuta. Fungua folda mpya kabisa, ikloni repo humo, fuata maelezo yenu ya README hatua kwa hatua bila kuongeza unachokijua kichwani, uone kama programu itajengeka. Ikijengeka, una haki ya kusema iko sawa. Isipojengeka, umepata kosa kabla ya mwenzako kulipata kwa bando lake. Jaribio hilo moja lingewaokoa na ugomvi wote huu.

Kuviacha nje ya repo vilivyozalishwa na mashine si tabia ya kampuni kubwa tu. Vukeni mpaka wa Sirari, mwende mpaka Eldoret. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich, madaktari wa Taasisi ya Regenstrief kule Indiana, Marekani, walianza kusanifu mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa kwa ajili ya AMPATH, mradi uliokuwa ukiwahudumia wagonjwa wa VVU magharibi mwa Kenya. Mwaka 2006 mfumo huo ukaanza kutumika Eldoret. Ndiyo OpenMRS, programu huria ambayo leo msimbo wake huandikwa na watu wa nchi nyingi wasioonana uso kwa uso. Imeandikwa kwa Java na hujengwa kwa Maven, na Maven hutema kila inachozalisha kwenye folda iitwayo `target`. Folda hiyo haiwekwi kwenye repo. Kinachowekwa ni msimbo na faili la `pom.xml` linaloeleza maktaba gani zinatakiwa na programu ijengwe vipi. Mtu wa Kampala na mtu wa Kigali kila mmoja anajizalishia `target` yake. DHIS2, ambayo wahudumu wa afya hapa nchini huijua kwa kuingiza takwimu za vituo vyao, nayo hujengwa kwa utaratibu huo huo. Ninyi ni watatu tu, na wote mko mkoa mmoja.

Dawa yenyewe ni faili la `.gitignore`, ambalo huiambia Git vitu vya kutovigusa. Najua mtasema Flutter na Laravel zote huja na `.gitignore` zake tayari. Kweli kabisa. Sasa zenu ziko wapi? Mmesema mlianza na miradi miwili, kisha mkainakili kwenye folda moja kwa amri ya `cp -r` yenye nyota mwishoni. Nyota hiyo kwenye Ubuntu haiyachukui mafaili yanayoanza na nukta. Nadhani hapo ndipo zilipobaki. Undeni mradi mtupu wa Flutter na mradi mtupu wa Laravel pembeni, mchukue `.gitignore` za humo, mziweke za Flutter ndani ya `simu` na za Laravel ndani ya `seva`, kila moja kwenye folda ndogo ile ile ilimokuwa. Msiandike ya kwenu kutoka kichwani, na msichukue ile ndefu ya mtandaoni yenye mistari mia ya lugha msizozitumia. Siku moja mtashangaa faili lenu halionekani kwenye Git, na kumbe mstari mmoja ambao hamuuelewi unalificha. Likiwatokea hilo, `git check-ignore -v` ikifuatiwa na jina la faili itawaonyesha mstari unaohusika.

Wengi hukwama hapa, kwa hiyo nakwenda polepole. `.gitignore` haina nguvu juu ya faili ambalo Git imeshaanza kulifuatilia. Mtaweka `.gitignore` safi kabisa, mtajenga, na `build` itaendelea kujitokeza kwenye orodha ya mabadiliko. Lazima kwanza muitoe kwenye ufuatiliaji: `git rm -r --cached simu/build`, kisha hivyo hivyo kwa `simu/.dart_tool`, `simu/android/local.properties`, `seva/vendor` na `seva/node_modules`. Neno `--cached` lisiachwe, maana ndilo linaloacha mafaili kwenye diski ya anayepiga amri na kuyatoa kwenye Git peke yake. Lakini wenzake watakapoivuta komiti hiyo, Git itayafuta mafaili hayo kwenye laptopu zao. Waambieni mapema! Vinginevyo kaka wa Bunda ataamka akute `vendor` imetoweka na vita vitaanza upya. Akishavuta, apige `composer install`, `npm ci` na `flutter pub get`, kila moja kwenye folda yake, na vitu vyake vitarudi.

Mpaka hapa mtu anaweza kuondoka na kanuni nyepesi kwamba kilichozalishwa na mashine kisiingie kwenye repo. Msiondoke nayo hivyo, itawaumiza.

Lipo `composer.lock`, lipo `package-lock.json`, lipo `pubspec.lock`. Yote matatu yameandikwa na mashine, na yote matatu lazima yawemo. Kwenye `composer.json` mnaandika kwamba mnataka maktaba fulani, toleo la kumi na kuendelea. Composer inakwenda kutafuta, inachagua toleo kamili la maktaba hiyo na la kila maktaba ambayo hiyo inaitegemea, kisha inayaandika matokeo kwenye `composer.lock`. Faili hilo ni kumbukumbu ya maamuzi ya kikundi. Likikosekana, binti wa Butiama akiweka maktaba leo na kaka wa Bunda akiziweka mwezi ujao, watapata matoleo tofauti, na risiti itatoka sawa kwa mmoja na kupinda kwa mwingine bila yeyote kugusa msimbo.

Na hapa nimewagundua kwenye jambo jingine. Kwenye README yenu mmeandika kwamba baada ya kuvuta, mtu apige `composer update`. Ondoeni leo. `composer install` husoma kufuli na kukupa kilichoamuliwa. `composer update` huvunja kufuli na kuamua upya. Kila mmoja wenu amekuwa akiamua upya kila anapovuta, kisha anakomiti uamuzi wake, na ndiyo maana mnagongana kwenye `composer.lock` kila wiki. Kuna mstari humo uitwao `content-hash`. Matawi mawili yakigusa orodha ya maktaba, mstari huo lazima ugongane. Msijaribu kuusuluhisha kwa mkono, mkichagua kipande cha juu au cha chini kwa kukisia. Chukueni kufuli la tawi kuu lilivyo, kisha yule aliyeongeza maktaba aiongeze tena kwa `composer require`, mashine iandike upya. Kubadilisha matoleo ya maktaba iwe kazi ya mtu mmoja kwa wakati mmoja, kwenye komiti yake ya peke yake, na atangaze kwenye kundi.

Mmoja wenu ana PHP mpya kuliko wenzake. Composer kwenye laptopu yake itachagua maktaba zinazohitaji PHP hiyo mpya, na wenzake watakataliwa. Kwenye `composer.json`, sehemu ya `config`, andikeni chini ya `platform` toleo la PHP la seva yenu halisi, na Composer itachagua kana kwamba iko kwenye seva hiyo, laptopu iwe ya nani.

Migresheni za Laravel mnazianzisha kwa amri, ndiyo, lakini mkishaingia ndani mkaandika nguzo za jedwali, ni kazi yenu na historia ya hifadhidata yenu. Zinabaki kwenye repo, na migresheni iliyokwisha kukimbia kwenye seva haihaririwi, mnaandika nyingine. Wanaotumia Django vivyo hivyo, ingawa kwao mashine huandika karibu yote.

Mafaili ya `.g.dart`, ambayo `build_runner` huyazalisha kwa ajili ya kusoma JSON, ndiyo yenye ubishi wa kweli. Wapo wanaoyakomiti ili asiye na muda wa kuyazalisha ayakute, na wapo wanaoyaacha nje. Wote wana sababu. Kwa watatu kama ninyi, mnaoandika modeli mpya kila wiki, ningeyaacha nje na kuweka amri ya `dart run build_runner build` kwenye README. Mkiamua kuyaweka, basi kila anayebadilisha modeli ayazalishe upya ndani ya komiti ile ile, na yakigongana yafuteni mzalishe tena. Chagueni njia moja, mwiandike. Kibaya ni mmoja kuyaweka na mwingine kuyatoa.

Halafu kuna vitu viwili vinavyonitisha. Vimezalishwa na mashine, ila mashine haiwezi kuvirudisha. Cha kwanza ni ufunguo wa kusaini programu ya Android, lile faili la `.jks` mlilolitengeneza siku moja na kusahau. Mkilipoteza, simu za makarani zenye programu yenu zitakataa toleo jipya, kwa sababu Android hukubali kusasisha tu iwapo saini ni ile ile. Cha pili ni `APP_KEY` iliyomo kwenye `.env` ya seva. Amri ya `php artisan key:generate` itawapa nyingine kwa sekunde moja, na data zote mlizozisimba kwa ufunguo wa zamani hazitafunguka. Vitu hivi visiwekwe kwenye repo, maana ni siri. Na visiachwe kwenye laptopu moja, maana laptopu huibiwa na diski hufa. Wekeni nakala mahali pawili tofauti, nyuma ya nywila, na watu wawili kati yenu wajue zilipo. Nimeona kwenye picha kwamba `.env` nayo ilipushiwa. Nywila ya hifadhidata iliyomo humo ihesabuni imevuja. Kuifuta kwenye Git hakutoshi. Ibadilisheni kwenye seva, leo.

Kaka wa Bunda ameuliza jambo zuri: je, maktaba ikiondolewa mtandaoni, si bora tungekuwa na `vendor` yetu? Hofu hiyo ina msingi. Machi 2016 kijisehemu cha JavaScript kiitwacho left-pad, mistari kumi na moja tu, kiliondolewa na mwenyewe kwenye npm, na miradi mingi duniani ikashindwa kujengeka siku hiyo. Baada ya hapo npm ilibadilisha masharti yake, na siku hizi si rahisi kuondoa kitu ambacho wengine wanakitegemea. Hofu yenu ya kweli Mara ni mtandao kukatika, na kwa hilo Composer na npm zote hutunza nakala za kilichokwisha kupakuliwa kwenye laptopu. Seva ikianza kazi halisi, tunzeni nakala kamili ya kilichowekwa huko, nje ya repo.

Nije kwenye jambo linalonigusa zaidi. Mmeniambia APK ya majaribio mnayowapa makarani huwa inatoka kwenye laptopu ya Musoma na kutumwa kwa WhatsApp. Nani anaweza kuthibitisha kwamba APK hiyo imetokana na msimbo uliomo kwenye repo? Simtuhumu mtu. Hata yeye mwenyewe hawezi kuthibitisha, kwa sababu labda alikuwa na badiliko la majaribio ambalo hakulikomiti.

Tarehe 29 Machi 2024 mhandisi aitwaye Andres Freund alitoa taarifa iliyoshtua dunia ya programu huria. Alikuwa ameona kuingia kwenye mashine kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde kuliko kawaida, akafuatilia, akakuta mlango wa nyuma ndani ya xz, zana ya kubana mafaili iliyomo karibu kwenye kila Linux, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeuweka alijitambulisha kwa jina la Jia Tan, na kwa zaidi ya miaka miwili alikuwa amejipatia uaminifu wa kusimamia mradi. Angalieni alipouficha. Kipande kilichouamsha kilikuwa kwenye faili la ujenzi, `build-to-host.m4`, na faili hilo halikuwemo kwenye repo ya Git. Lilikuwemo tu kwenye kifurushi kilichotolewa kwa watu kupakua. Kwa miaka mingi ilikuwa desturi kwamba kifurushi cha programu ya C huja na mafaili ya ujenzi yaliyozalishwa tayari, kama `configure` yenye maelfu ya mistari, ili mpakuaji asihangaike kuyazalisha. Mafaili hayo hayasomwi na mtu, na kwa kuwa huzalishwa, kutofautiana kwake na repo hakukumshtua yeyote. Mtu alijua hivyo, akapita hapo.

Mkulima wa Bunda anayepokea risiti yenu hana namna ya kukagua msimbo. Anachoweza kutegemea ni kwamba ninyi mnajua kilichomo. Kwa hiyo APK isitoke tena kwenye laptopu ya mtu. Tumieni GitHub Actions, iikloni repo kwenye mashine safi, ijenge, iisaini kwa ufunguo uliohifadhiwa kwenye sehemu yao ya siri, na iweke APK kwenye ukurasa wa matoleo, nje ya historia ya Git. Kwenye skrini ya "Kuhusu" ya programu onyesheni namba ya komiti iliyotumika. Karani akilalamika kilo zimekosewa, mtajua mara moja anatumia msimbo upi. Mashine hiyo hiyo iwazalishie `.g.dart` ikiwa mmeamua kuyatunza, kisha ipige `git diff --exit-code`. Kama kuna aliyesahau kuzalisha upya, ujenzi unakataa na hakuna haja ya binadamu kumsema binadamu mwenzake.

Sasa usafi wa historia. Kwenye mradi wenye watu wengi ningesema iacheni, kila mtu akloni kwa `--filter=blob:none` na maisha yaendelee. Ninyi ni watatu, na mmoja analipa kwa bando lake uzito ambao hakuuweka. Isafisheni. Kutaneni Jumamosi, Musoma penye mtandao mzuri, binti wa Butiama achangiwe nauli. Kila mmoja kwanza apushi kazi yake yote. Kisha mtu mmoja, na awe mmoja tu, apige `git bundle create akiba.bundle --all`; repo nzima itakuwa faili moja, aliweke kwenye flashi kama akiba kabla ya kugusa chochote. Halafu aikloni repo upya kwenye folda safi na atumie `git filter-repo` pamoja na `--invert-paths`, akitaja kwa `--path` zile folda zote tulizozitoa, `local.properties` na `.env`. Zana hiyo huondoa kiungo cha `origin` kwa makusudi, mtu asipushi kwa bahati mbaya, kwa hiyo atakirudisha mwenyewe kisha apushi kwa nguvu.

Amri hiyo ya `git bundle` mtaihitaji hata baadaye. Siku mtandao wa Butiama ukisumbua, anayetoka Musoma anampa kondakta flashi, na binti anakloni au kuvuta kutoka kwenye faili hilo kama anavyofanya kwa GitHub, bila kutumia hata MB moja.

Baada ya kusafisha, wote watatu mfute nakala za zamani kwenye laptopu zenu na kukloni upya siku hiyo hiyo, kabla hamjaachana. Asitokee wa kusema atafanya akifika nyumbani. Nakala moja ya zamani ikibaki, na mwenyewe akaiunganisha na mpya kisha akapushi, historia yote mliyoisafisha itarudi pamoja na kila APK iliyokuwemo.